Mkono Uliokataa Kutulia

Kama mkono wako umeanza kufanya mambo yake bila kukuuliza, nyumbani wanasema ni madharau na shuleni wanasema ni utundu, hii nimekuandikia wewe. Mimi si mtu wa kuongea. Mwalimu akiniuliza swali najibu nikiangalia dawati. Lakini kuandika naweza, na sasa mwandiko wangu unasomeka, jambo ambalo mwaka jana msimu wa kupanda mahindi lilikuwa limenishinda kabisa. Sitakueleza dawa zinavyofanya kazi. Hayo muulize daktari, na umuulize mpaka uelewe. Mimi nitakueleza vile ilikuwa.

Naitwa Awuor. Niko fomu tatu katika shule ya kutwa hapa Eldoret. Tunakaa Langas, kwenye nyumba ambayo sebule yake ndiyo pia duka la Mama la ushonaji, kwa hivyo ukija kututembelea utakaa juu ya sare ya mtoto wa mtu. Baba anaendesha lori la nafaka na tunamwona akipita tu, kama mvua ya Januari. Tangu nikiwa mdogo kazi yangu ya asubuhi ni moja: kumtilia Mama uzi kwenye sindano za mkono, zile za vifungo na mapindo. Macho yake ya kuona karibu yamechoka, na miwani anasema itamzeesha kabla ya wakati. Natia uzi, nachomeka sindano kwenye kipande cha sponji, naenda shule. Mama hakuwahi kusema asante na mimi sikuwahi kuingoja. Ilikuwa kama kufungua dirisha.

Ugonjwa wenyewe ulianza na koo. Ilikuwa kipindi cha vumbi, kabla ya mvua, kila mtu anakohoa. Nikapewa maji ya chumvi na ndimu, koo likapona, tukalisahau. Wewe usisahau. Koo la mtoto likiuma na homa ikipanda, apelekwe akaonwe. Hilo ndilo somo pekee la daktari nitakalokupa.

Wakati huo nilikuwa nimeanza kwenda dansi. Kila Jumamosi mchana, kwenye ukumbi wa kanisa, tunasukuma benchi ukutani na kubaki na sakafu nyekundu ya saruji, baridi mpaka kwenye meno. Anayetufundisha ni dada mmoja wa Timboroa anayeitwa Jerop, lakini sisi tunamwita Kochi. Hapa Eldoret mtu yeyote anayefundisha mwili wa mwingine ni kochi, hata kama hajawahi kushika saa ya mbio. Kochi ni mrefu, miguu kama ya swara, na watu wakimwona barabarani wanamuuliza anakimbia mbio gani. Yeye huwajibu kwamba anakimbia papo hapo, hafiki mbali.

Anachofundisha ni dansi ya kubuni papo hapo. Si fristaili. Kimani, rafiki yangu ambaye wazazi wake wana duka Burnt Forest na yeye anakaa hapa kwa mjomba wake, alikuja siku ya kwanza akafanya fristaili yake yote, akabingiria, akasimama kwa kichwa. Kochi akamwacha amalize, kisha akamwambia kwamba hayo yote alikuwa ameyaleta kutoka nyumbani. "Sasa fanya kitu ambacho umekikuta hapa," akamwambia. Kimani akasimama akikuna kichwa, na Kochi akasema hiyo ya kukuna kichwa ni nzuri, aanze nayo.

Ndivyo tunavyofanya. Tunakaa mviringo. Hakuna moja mbili tatu nne, hakuna hatua za kukariri. Mtu mmoja anaingia katikati na kitu kidogo, labda bega, labda kutembea kama anayetafuta funguo. Mwingine akisikia anaitwa anaingia kumjibu. Kumwiga ni jibu la kivivu, lakini linaruhusiwa. Sheria ni chache. Usiombe msamaha. Ukijikwaa, jikwae tena ili tujue ni yako. Na usipange ukiwa nje, kwa sababu ukifika ndani utakuta mambo yamebadilika.

Mtu mwenye aibu watu hudhani hana la kusema. Mimi ninalo. Shida ni kwamba nikishalipanga vizuri na kufungua mdomo, mazungumzo yameshafika kwingine. Kwenye mviringo hakuna kuchelewa, kwa kuwa hakuna mahali ambapo tulikuwa tumepanga kufika. Nilirudi nyumbani Jumamosi ya kwanza nikiwa na njaa kama mtu aliyelima, na nikalala nikitabasamu.

Kisha mvua zikaanza, watu wakapanda, na mkono wangu wa kulia ukaanza.

Kwanza sindano ilinianguka. Nikaiokota, ikaanguka tena. Mama akasema niache usingizi. Wiki hiyo hiyo nikamwaga uji juu ya gauni la mteja, gauni la kuposwa, jeupe. Shuleni mwandiko wangu ukawa kama wa kuku aliyekimbizwa. Bega liliruka, mdomo ulivutwa upande mmoja, vidole vilikunjuka na kukunjika. Mwalimu wa hesabu akageuka kutoka ubaoni akaniona nikimkunjia uso, akanitoa nje nikapige magoti. Nilipiga magoti, na hata hapo kwenye magoti uso uliendelea. Wenzangu walioniona kutoka dirishani wakadhani nina ujasiri ambao hawakuwahi kunidhania.

Mama alikuwa na ushahidi wake. Nikilala mchana, mkono ulikuwa unatulia kabisa. Alinisimamia akaona. Nilipoamka ukaanza tena. "Kwa hivyo ukitaka kutulia unaweza," akaniambia. Kwake hesabu ilikuwa imefungwa. Na usimlaumu, maana ukiangalia kwa macho tu ndivyo inavyoonekana. Nimekutana na wasichana wawili kliniki ambao mama zao walifikiri vivyo hivyo.

Mahali pekee ambapo mkono huo haukuniletea matata ni kwenye mviringo. Niliingia Jumamosi moja, mkono ukaruka juu, kiganja kikapinduka, vidole vikatawanyika kama mtu anayetupia kuku mahindi halafu akabadilisha nia. Kimani akaacha mdomo wazi. "Manze Awuor," akasema, "hiyo umeitoa wapi?" Sikumjibu kwa sababu sikuwa nimeitoa popote. Akaingia akaifanya. Mwingine akaifanya. Kabla ya saa kuisha, ukumbi mzima ulikuwa unatupia kuku wangu mahindi, na ikapewa jina: ile ya Awuor. Kochi akasema, leteni ile ya Awuor, lakini kwa magoti. Leteni ile ya Awuor polepole. Mimi mwenyewe niliamini ni yangu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuwa na kitu ambacho watu walikihitaji, na nilikipenda sana.

Ona basi vile ilivyokuwa. Shuleni na nyumbani waliuona mkono wakakosea jina lake. Kwa Kochi, ambako hakuna kosa, hakuna aliyeweza kuona kwamba kuna kosa.

Aliyeona ni Kochi mwenyewe, na aliona siku tuliyofanya kutulia. Alisema siku hiyo hatuingii na kitu, tunaingia na kunyamaza. Mtu asimame katikati bila kufanya lolote, na sisi tungoje mpaka yeye achague kuanza. Alisema mtu asiyejua kuacha hajui kuanza. Kimani alijaribu akacheka. Wengine walijaribu, ukumbi ukawa kimya tukasikia mvua kwenye mabati. Zamu yangu ikafika nikasimama.

"Awuor, tulia," Kochi akasema.

"Nimetulia, Kochi."

Na kwa moyo wangu nilikuwa nimetulia. Lakini wote walikuwa wanaangalia mkono wangu. Kochi akaja mbele yangu, akafungua viganja vyake viwili, akaniambia niweke vyangu juu na nisifanye kitu. Mikono yangu ikaanza kutapatapa juu ya yake kama kifuniko cha sufuria maji yanapokaribia kuchemka.

"Hii ni ya tangu lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Tangu muipende."

Alifunga mazoezi hapo hapo. Akanivalisha sweta, maana kifungo sikukiweza, akanipeleka nyumbani kwa miguu kwenye matope. Mama alikuwa kwenye cherehani. Nitaandika waliyosemezana kwa sababu nilikuwa mlangoni na sikusahau.

"Ulimfundisha kutetemeka," Mama alisema, "sasa imemwingia mwilini haitoki, ndiyo unanirudishia?"

"Mama Awuor, mimi nafundisha watu kuanza na kuacha. Huyu hawezi kuacha. Mpeleke hospitali."

"Wewe msichana, rudi Timboroa ukafundishe kondoo."

"Nitarudi," Kochi akasema. "Mpeleke kwanza."

Akaondoka. Mama akakanyaga cherehani mpaka uzi ukakatika. Kesho yake alifunga duka, tukaenda.

Kama hujawahi kungoja kwenye hospitali kubwa ya rufaa, beba kitu cha kula na uvae soksi. Mnakaa kwenye benchi refu, na wa kwanza akiitwa, benchi zima linasogea. Tutarudi kwenye hilo benchi. Siku hiyo sikuliona, nilikuwa nimekalia mkono wangu wa kulia ili watu wasiutazame.

Daktari alikuwa mwanamke kijana mwenye kikohozi. Aliniambia nishike vidole vyake viwili, nikaze, nisiachilie. Nikakaza, vikalegea, nikakaza, vikalegea. "Unanikamua," akasema. "Nyumbani mna ng'ombe?" Mama akacheka, akafunika mdomo. Nikaambiwa nitoe ulimi niuache nje. Ulimi ukarudi ndani kama mjusi. Kisha akasikiliza moyo wangu, akasikiliza tena akiwa amefumba macho, na hapo hakuna aliyecheka.

Alisema ni lile koo. Lilipona juu juu, lakini mwili ulipokuwa unapigana nalo ukajipiga wenyewe, ukagusa mahali kwenye ubongo panapoongoza mikono, ukagusa na moyo. Mkono ungetulia, kwa wiki nyingi au miezi. Moyo ulikuwa na mlango mmoja usiofunga vizuri, unavuja kidogo. Ningedungwa dawa kila mwezi mpaka niwe mtu mzima, ili koo lisirudi kumalizia kazi.

Mama aliuliza swali moja tu. "Si dansi?"

"Si dansi," daktari akasema. "Na si madharau."

Nje, kamba ya kiatu changu ilikuwa imefunguka. Mama akapiga goti pale kwenye njia ya watu, na begi lake la mkononi likiwa kwenye matope, akanifunga kamba fundo mara mbili. Neno samahani hajawahi kuniambia. Mimi naihesabu hiyo kamba.

Nililazwa kidogo, kisha nikarudishwa nyumbani kupumzika. Sasa nikueleze mwili. Dawa ya kutuliza mkono ilinifanya nisinzie hata nikiwa natafuna. Mashavu yalijaa, uso ukawa mwezi. Nilikuwa nalishwa kwa kijiko, msichana mzima, na kuogeshwa. Maneno yalitoka yakiwa yamelowa. Nililia kwa sababu mkate umeisha. Nilicheka redio ikitangaza vifo, nikacheka mpaka Mama akaizima. Huo ni ugonjwa, si wewe, na utaisha. Baba alikuja na gunia la viazi, akaniangalia, akaangalia ukuta, akauambia ukuta, "Atapona." Shangazi alipiga simu kutoka Kisumu akitaka nipelekwe kuombewa. Mama akamwambia aombe akiwa huko huko, Mungu ana mtandao.

Ile dawa ya kudungwa kila mwezi inauma. Unatoka hapo ukivuta mguu kama mzee. Ya kwanza nilidungwa kwenye mvua. Ya pili kwenye ukungu wa Julai, ule unaofanya mji wote ukose paa. Ya tatu mahindi mabichi yalikuwa yameanza kuchomwa nje ya lango, na Mama alininunulia moja, akanichambulia punje kwa punje kiganjani mwake kwa sababu gunzi nisingelishika.

Kila asubuhi Mama aliniwekea sindano na uzi mezani. Hakusema ni mtihani. Alikaa tu akaangalia vidole vyangu, macho hayapepesi, mpaka uzi uanguke, kisha akakusanya vyote akarudisha kwenye kopo. Nilichukia hiyo sindano kuliko ile ya hospitali. Wazazi, kama mnasoma, mgonjwa anajua hajapona. Msimpime kabla hajanywa chai.

Na dansi ilikuwa imekwisha. Mama alisema hata daktari akiruhusu, yeye haruhusu. Moyo si wa kuchezea. Nilipolia alifikiri ni ule ugonjwa wa kulia, akanipa tishu. Lakini hicho kilikuwa kilio changu mwenyewe. Nilikuwa tayari kudungwa mpaka uzeeni kama ningeambiwa nitaingia tena kwenye ule mviringo.

Kochi alirudi kama alivyosema, ila kwetu, si Timboroa. Alikuja na maziwa ya kwao ndani ya chupa ya soda, akamsalimia Mama kwa mikono miwili, akaketi kando ya kitanda changu. Mama aliendelea kushona akiwa ametutegea sikio. Kochi akaniambia nisishindane na mkono. Niuache ufanye yake, mimi nichague kitu kingine cha kuongoza. Siku ya kwanza nilipewa kope. Nizifumbe na kuzifumbua nikijibu kelele za barabarani, lakini nichague ipi najibu na ipi naacha. Wiki nyingine pumzi. Wiki nyingine kidole kimoja cha mguu.

Unaweza kucheka. Lakini hapo kitandani, kwa kidole cha mguu, ndipo nilielewa tulichokuwa tunafanya kwenye ukumbi. Watu wakisikia kubuni papo hapo wanafikiri ni kuuachilia mwili ufanye unavyotaka. Mkono wangu ulikuwa unafanya hivyo kutwa na haukuwahi kubuni chochote. Ulikuwa unatumwa. Kubuni ni kuwa na mlango na kujua kwamba unaweza kuingia na unaweza pia kutoingia, kila mara.

Nikaanza kutazama watu hivyo hivyo, na hapo turudi kwenye benchi.

Benchi la kliniki ya moyo lina watu wengi kuliko urefu wake. Mlango ukifunguka, jina likiitwa, wa kwanza anainuka, wa pili anasogea, wa tatu, mpaka mwisho. Hakuna anayehesabu, hakuna anayeamrisha. Mama mmoja anasogea kwanza kisha anavuta kiondo chake. Mzee mmoja hasogei mpaka aguswe, halafu anasogea kama anayewapa watu zawadi. Msichana mwenye mtoto mgongoni anasogea kwa nusu makalio asimwamshe. Na kwenye baridi ya Julai ukisogea unakalia mahali alipokuwa mtu, unapokea joto la mtu usiyemjua, na unamwachia mwingine lako. Nilikaa pale asubuhi nzima nikasahau kuukalia mkono wangu.

Nilimweleza Kochi, kwa maneno yangu yaliyolowa. "Hiyo ni kazi kamili," akasema. "Tutaifanya. Na wewe utaikalia."

Kutoka kwenye cherehani Mama akasema, "Nani atakalia?"

Mavuno yakaanza, barabara zikajaa trela za mahindi, na mkono ukaanza kutulia. Haukutulia kwa siku moja. Ulikuwa kama mgeni anayeaga mlangoni, anaondoka, anakumbuka neno, anarudi. Asubuhi moja nilitia uzi mara ya kwanza nilipojaribu. Mama akasema, "Haya," akatoka nje kuanua nguo ambazo alikuwa ameshazianua.

Kliniki iliyofuata daktari alisema mlango wa moyo bado unavuja, kidogo vile vile, haujazidi. Naweza kucheza taratibu, nikichoka nikae. Mama akasema asante daktari, na kwa uso wake nikajua jibu bado ni hapana. Tukarudi kwenye benchi kungoja dawa. Sikuwa na hotuba. Nilimwambia tu, "Mama, tazama wakisogea."

Akatazama. Jina likaitwa. Benchi likasogea, kiondo kikavutwa, mzee akaguswa. Jina lingine likaitwa. Mara ya tatu Mama alianza kucheka kimya kimya, mabega yakimtikisika, halafu zamu ya kusogea ikamfikia na yeye, akasogea huku ameshika sketi kama anayevuka mtaro.

"Kwa hivyo hii ndiyo dansi yenu?"

"Ndiyo hii."

"Hakuna kurukaruka?"

"Hakuna."

Tulisogea mara nyingine. "Nitakuja nione," akasema. "Nikiona unaruka nakushusha mbele ya watu."

Ningekudanganya nikisema nilirudi ukumbini kama shujaa. Nilirudi nikakuta ile ya Awuor bado ipo, na Kimani anaifanya vizuri kuliko nilivyowahi kuifanya mimi. Waliniachia katikati wakingoja. Nikajaribu, na mkono wangu uliopona ukainuka kama wa askari wa barabarani. Haikuwa kitu. Nikatoka. Hofu yangu niliiandika kwenye daftari langu jioni hiyo: labda mimi sikuwahi kuwa na kipaji, nilikuwa na ugonjwa, na sasa nimepona vyote viwili. Kochi hakunibembeleza. Alisema tu onyesho ni kabla ya Krismasi, sheria ni ya benchi, anayeitwa anaondoka na wengine wanasogea, kinachotokea kati ya hapo hakijapangwa. Nafasi yangu ni mwisho wa benchi.

Siku hiyo ukumbi ulijaa wazazi. Mama alikaa safu ya pili amevaa lile koti lake la mazishi na harusi, na Baba, ambaye alikuwa ameegesha lori mbali ili aje, alisimama nyuma kabisa. Tulibeba benchi moja la kanisa tukaliweka katikati. Tukakaa. Jina likaitwa, wa kwanza akaondoka, tukasogea. Watu wakacheka kwa sababu walilijua hilo benchi, nani hajalikalia. Kila aliyesogea alileta lake. Mmoja akapiga miayo, miayo ikapita kwa wote. Mwingine akampa jirani joto la kiganja. Nilikuwa nasogea tu, nikipokea.

Kisha Kimani, aliyekuwa amekaa karibu yangu, akainua mkono. Kiganja kikapinduka, vidole vikatawanyika. Ile ya Awuor. Haikuwa imepangwa. Alikuwa ananiita, kwa upendo, niingie. Wa mbele yake akaipokea, na wa mbele yake, mpaka benchi zima likawa na mikono inayoruka, na ukumbi ukanyamaza, na nikamwona Mama ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili. Yeye kuliko wote ukumbini alijua anaangalia nini.

Nikauangalia mkono wangu. Ulikuwa juu ya goti, umelala. Ningeweza kuuinua. Hakuna aliyekuwa ameuchukua, hakuna aliyekuwa anautuma. Nikauacha pale. Nikakaa nao, tumetulia, mimi na mkono wangu, kwa muda mrefu kuliko ninavyoweza kuvumilia kutazamwa, na sikuangalia chini. Nilipokuwa tayari, si mapema, niliunyoosha taratibu nikauweka juu ya mkono wa Kimani. Wake ukatulia. Akageuka akaweka mkono wake mwingine juu ya wa jirani, ukatulia. Ikaenda hivyo, mkono mmoja baada ya mwingine, mpaka mwanzo wa benchi, mpaka hakuna kilichosogea ukumbini isipokuwa mtoto fulani aliyekuwa anauliza mama yake kama imeisha.

Nikasimama. Nikaondoka bila kuitwa. Nyuma yangu nikasikia benchi likisogea, safari hii kuja upande wangu.

Njiani Mama alizungumzia viatu vya watu. Baba alinishika begani, akaniangalia mimi, si ukuta, akasema kesho analala Timboroa, kama Kochi ana salamu za kwao atampelekea. Bado nadungwa kila mwezi na bado navuta mguu siku mbili baadaye. Jumamosi naenda dansi, nikichoka nakaa. Siku nyingine mkono unaruka kidogo nikiwa na homa, nauangalia, unaacha.

Asubuhi ya Jumatatu baada ya onyesho Mama alikuwa na nguo za Krismasi za kumaliza, zimepangwa mpaka kwenye viti. Akaninyooshea sindano na uzi. "Nitilie, macho yangu haya." Nikatia. Nilipoinua kichwa nimrudishie, alikuwa amenipa mgongo zamani, anatafuta vifungo.